Serikali ya Kenya ikitumia nguvu za dharura kuzima maandamano: namna ya kukagua

Anza na tangazo lenyewe, si hotuba ya runingani. Litafute katika Gazeti Rasmi la Serikali, uone limetaja Ibara ipi ya Katiba ya 2010. Ibara ya 58 ndiyo ya hali ya hatari. Ya 241(3) inahusu kuwatumia wanajeshi tu, na hapa ndipo wengi hujikwaa: tarehe 25 Juni 2024 KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya) iliitwa kusaidia polisi bila hali ya hatari kutangazwa, na Bunge la Kitaifa likaidhinisha kesho yake. Jeshi kuwa barabarani, peke yake, hakufuti haki ya kuandamana.

Ikiwa ni ya 58, hesabu siku. Tangazo hudumu siku zisizozidi 14 na halirudi nyuma. Lililofanywa jana, kabla ya tangazo, haliguswi. Nyongeza ya kwanza yahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, zinazofuata robo tatu, na hakuna inayozidi miezi miwili.

Mtu akikamatwa, wakili aombe upesi amri ya kumfikisha mahakamani. Ibara ya 25 inailinda haki hiyo hata wakati huo. Ukipinga tangazo lenyewe, Mahakama ya Juu ina mamlaka ya kuamua uhalali wake.