Somo: Chetezo cha udongo, tangu bondeni mpaka sokoni Chake Chake

Assalaam aleikum wenzangu. Nilikuahidini somo la ufinyanzi tangu kabla ya mfungo, leo nimepata nafasi. Nitasomesha kwa chetezo, yaani chombo cha makaa ya kufukizia udi, si kwa chungu wala mtungi, kwani chetezo ndicho kinachonipatia riziki hapa Pemba. Ni kidogo, hakili udongo mwingi, kinapokea nakshi vizuri, na nyumba zetu zinafukiza. Arusi, maulidi, mzazi aliye ndani ya arubaini, usiku wa kuamkia Ijumaa: udi na ubani vinataka pa kukaa. Vya bati vimejaa madukani, na vya umeme pia, lakini cha udongo ukikibeba chumba hadi chumba hakikuunguzi vidole upesi kama bati.

Jambo moja ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema: chetezo huharibika kabla hakijaona moto. Kikipasuka tanuni watu husema moto ulikuwa mkali. Mara nyingi moto hauna kosa. Kosa lilifanyika wiki mbili nyuma, kwenye udongo au kwenye kukausha.

Hatua ya 1: Udongo

Udongo wa kufinyangia unapatikana kwenye mabonde yetu ya mpunga, chini ya tabaka la juu lenye mizizi. Muombe ruhusa mwenye bonde. Chimba wakati wa kiangazi, na ukimaliza fukia shimo, maana maji yakituama mnazaa mbu na ng'ombe anaweza kuvunjika mguu.

Ujaribu pale pale. Chukua donge, uloweshe, uvingirishe uwe kama kamba ya unene wa kidole, kisha uzungushe kamba hiyo kwenye kidole chako. Ikizunguka bila kupasuka, udongo unafaa. Ikikatika, una mchanga mwingi, tafuta pengine.

Jaribio la pili ndilo watu wengi hawalijui, nalo ndilo lililoniumiza mimi. Kausha kidonge cha udongo, kiponde, kikamulie ndimu au kitilie siki. Sikiliza na utazame. Ukitoa povu na kuchemka, ndani yake mna chembe za matumbawe au za kombe. Visiwa vyetu hivi vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, kwa hiyo jambo hili si la ajabu. Unajua tanuu la chokaa linavyofanya kazi: jiwe likichomwa huwa chokaa, na chokaa ikikutana na maji huvimba. Basi chembe iliyomo ndani ya chetezo chako hufanya hivyo hivyo. Inachomwa pamoja na chetezo, inakuwa chokaa, halafu siku tatu au wiki moja baadaye inavuta unyevu wa hewa, inavimba, na kurusha kipande cha udongo kilichoifunika. Unabaki na shimo lenye doa jeupe katikati.

Mzigo wangu wa kwanza mkubwa uliharibika hivyo. Udongo ulikuwa safi, mchanga ndio ulioniponza. Nilichota mchanga wa pwani, mweupe, laini, nikaona umependeza. Mchanga wetu wa pwani sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Vyetezo vilitoka motoni vizuri mno, nikaviuza. Baada ya siku chache wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kila mmoja na chake chenye madoa. Nilirudisha fedha za wote. Nililia, sitaki kuficha.

Kwa hiyo mchanga chukua bondeni au kwenye mto wa maji baridi, na huo nao uujaribu kwa ndimu. Ukikosa mchanga mzuri, twanga vigae vya vyombo vilivyovunjika, uvichekeche. Vigae vilivyokwisha kuchomwa ni bora hata kuliko mchanga, havisinyai tena.

Kuandaa udongo wenyewe: ukaushe kabisa juani, uuponde, kisha uuloweke kwenye ndoo mpaka uwe uji. Udongo mkavu hunywa maji na kusambaratika wenyewe. Mbichi hubaki na mabonge. Uchuje kwa kipande cha chandarua kuukuu. Uache utuame, mwaga maji ya juu, umimine juu ya kiroba kivulini mpaka uwe kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Hapo changanya kipimo kimoja cha mchanga au vigae kwa vipimo vinne vya udongo, ukande mpaka mikono ichoke. Hewa ikibaki ndani, ukuta unakuwa dhaifu pale. Ukiweza, ufunge kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili kabla ya kuutumia. Utauona umelainika na unatii zaidi.

Hatua ya 2: Kufinyanga

Hatutumii gurudumu. Chukua bonge la ukubwa wa chungwa kubwa, toboa kati kwa dole gumba, finya huku ukizungusha. Kuta zikifika urefu wa vidole vitatu, ongeza kwa mikunjo ya udongo kama kamba, moja juu ya mwenzake, ukiisugulia ndani na nje mpaka maungo yasionekane. Unene uwe kama kidole kidogo cha mkono, na uwe sawa kila mahali. Ukuta mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili hukauka kwa kasi mbili tofauti, nao utapasuka. Chini pawe panene kidogo, ndipo panapokaa makaa.

Mguu wa chetezo ufinyange peke yake. Viache vyote viwili vigangamale kidogo, kisha chanja chanja sehemu zinazokutana, paka uji wa udongo, ubandike na kubana. Wanaobandika bila kuchanja ndio ambao miguu ya vyetezo vyao hubaki mkononi mwa mteja. Toboa matundu matatu au manne kwenye mguu ili hewa ipite na joto lisishuke mezani.

Kwa kulainisha natumia kipande cha kifuu kwa ndani na gamba la kombe kwa nje. Havina gharama.

Hatua ya 3: Nakshi

Subiri udongo uwe mgumu kama sabuni ya mche. Ukichanja mapema kisu kinavuta kingo, ukichelewa kinarusha vipande.

Hapa kila mtu na mkono wake, lakini niseme ninachokiamini. Tunazo nakshi zetu, tusikimbilie kunakili simba na twiga. Vigae vilivyochimbuliwa Unguja Ukuu na huku kwetu Tumbe, vya zaidi ya miaka elfu moja, vimechanjwa pembetatu shingoni, mstari baada ya mstari. Ukichukua ncha ya msumari ukachora pembetatu hizo kuzunguka mdomo wa chetezo, unaendeleza mkono wa mtu aliyeketi kwenye ardhi hii hii kabla yako. Mimi kila nikizichora nahisi hivyo. Milango ya Mji Mkongwe nayo ina yungiyungi, minyororo, samaki na mitende. Chagua moja, usizijaze zote kwenye chetezo kimoja.

Ukitaka wekundu unaong'aa, chuja udongo mwekundu mpaka uwe uji mwepesi, upake kwa kitambaa, na unapokaribia kukauka sugua kwa kokoto laini ya mtoni. Sugua kwa subira. Mng'ao unatokana na kusugua, rangi ya mafuta haina kazi hapa. Rangi ya dukani kwenye bakuli la makaa inaungua na kunuka, inaharibu harufu ya udi wa watu.

Hatua ya 4: Kukausha

Kivulini, mbali na upepo, kwa wiki moja hadi mbili. Siku mbili za mwanzo funika kwa kitambaa. Geuza kila siku. Wakati wa kaskazi hukauka upesi, pengine upesi mno. Wakati wa masika mimi hufinyanga kidogo na sichomi kabisa. Kipimo changu ni shavu: weka chetezo shavuni asubuhi. Ukihisi ubaridi, bado kina maji.

Hatua ya 5: Kuchoma

Nachoma baada ya sala ya alasiri, siku isiyo na upepo mkali. Sababu ni kwamba kufika magharibi giza linaingia na naiona rangi ya vyombo.

Kwanza vipashe moto. Vipange kuzunguka moto mdogo, vigeuze geuze kwa saa moja na nusu au mbili, mpaka huwezi kuvishika. Maji yaliyobaki hutoka taratibu hapa. Ukiruka hatua hii, mvuke utatafuta njia kwa nguvu na utasikia mlio kama fataki.

Kisha tandika vifuu na makumbi, pandanisha vyetezo vifudifudi, zungushia kuni nyepesi, funika kwa makuti makavu na vigae vikubwa. Washa kule upepo unakoelekea, ili moto urudi polepole kinyume na upepo. Ongeza makumbi panapofunguka. Vikiwaka wekundu wa kiza kote, vishikilie hivyo kama nusu saa, halafu acha. Usimwagie maji, usichungulie, usichomoe hata kimoja. Kalale. Asubuhi ndiyo unavitoa. Mikoko sikati, makumbi na makuti yanatosha.

Kila kimoja kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti nzito, iliyokufa. Chenye ufa usikiuze hata kama hauonekani. Mfinyanzi hulia gaeni, hivyo vya ufa ndivyo ninavyofukizia kwangu.

Hatua ya 6: Sokoni

Kwanza hesabu. Mzigo wangu wa karibuni ulikuwa vyetezo 20, vikatoka vizima 16. Kubebesha udongo shilingi 5,000, makumbi na kuni 6,000, nauli ya kwenda Chake 4,000, ushuru wa soko 1,000. Jumla 16,000. Siku zangu nne za kazi nazihesabu shilingi 10,000 kila siku, yaani 40,000. Zote 56,000, ukigawa kwa 16 ni shilingi 3,500 kwa kila kimoja. Nauza 5,000, mwisho wa kupunguza 4,500. Wenzangu wengi wanauza 2,000 na kusema wamepata faida kwa sababu mikono yao hawaihesabu. Ihesabu. Na gawa kwa vilivyopona, si kwa ulivyofinyanga.

Pale sokoni usipange vyote kama matofali. Washa kimoja, tia ubani kidogo. Harufu inawafikia watu kabla macho hayajafika. Mruhusu mteja agonge, mwambie atandike jivu kabla ya kuweka kaa. Biashara hupanda kuelekea sikukuu, miezi ya arusi, na msimu wa karafuu fedha ikiwa mikononi mwa watu. Mzigo wa kuvuka kwenda Unguja kupitia bandari ya Mkoani naupanga kwenye pakacha, makumbi yaliyochambuliwa katikati ya kila kimoja, na pakacha nalishika mwenyewe safari nzima.

Maswali ya wanachama

Swali (mwanachama, Wete): Dada, vyangu vimeanza kutoa madoa meupe kama ulivyoeleza, na vingine 12 nimevichoma jana. Navitupa?

Jibu: Usivitupe bado, mpenzi. Vitie vyote kwenye pipa la maji, vizame kabisa, uviache siku nzima. Chokaa ikipata maji mengi kwa mara moja mara nyingi hulainika bila kuvimba kwa nguvu kama inavyofanya kwa unyevu wa polepole. Kisha vikaushe na uvitazame wiki mbili kabla ya kuuza. Vitakavyopona uza. Na udongo uliobaki ujaribu kwa ndimu leo leo.

Swali (mwanachama, Jang'ombe): Shangazi, mimi niko mjini, sina pa kuwasha moto. Nikitumia oveni ya gesi itafaa?

Jibu: Haitafaa, mwanangu. Oveni ya nyumbani inafika kama nyuzi 250. Udongo hauwi kigae mpaka upite takriban nyuzi 600. Chini ya hapo ukiutia maji unarudi tope. Oveni itumie kukaushia tu, kwa moto mdogo kabisa, mlango wazi. Kisha tafuta mfinyanzi wa shamba akuchomee pamoja na vyake kwa makubaliano.

Swali (mwanachama, Mkoani): Vimetoka na mabaka meusi ubavuni. Mteja anasema vimeungua.

Jibu: Havikuungua. Pale kuni zilikigusa chombo hewa ikakosa, moshi ukaingia kwenye udongo. Uimara wake ni ule ule. Mimi huviweka mbele, kwa kuwa hakuna viwili vinavyofanana. Ukitaka cheusi kitupu, kitoe kikiwa bado chekundu kwa koleo refu, ukifukie kwenye majani makavu na kufunika. Lakini kwa mwanzo utavunja vingi, na moto wa namna hiyo usiufanye watoto wakiwa karibu.

Swali (mwanachama, Kengeja): Naweza kufinyanga hivi hivi chombo cha kutia maji na maua?

Jibu: Maji yatapenya. Ndiyo maana mtungi unapoza maji, jasho lake ndilo linalopoza. Ndani yake weka gilasi au kopo, na mwambie mnunuzi kabla hajaweka juu ya kabati lake.

Swali (mwanachama, Chake Chake): Bi mkubwa, kuna mwenye duka anataka vyetezo 50, anasema atalipa vikiisha. Nikubali?

Jibu: Mimi nisingekubali vyote. Mpe 10, mwandikiane idadi na bei, na mkubaliane nani anabeba hasara ya kitakachovunjika dukani. Hilo la mwisho ndilo linalogombanisha watu. Akikulipa hivyo 10 kwa wakati, mpe 15. Hamsini vizima ni zaidi ya mizigo mitatu ya moto kama wangu, na makumbi ya mzigo unaofuata utanunua kwa fedha gani ikiwa zote ziko kwenye rafu yake?