Ulikuwa Wapi Habari Ilipokufikia? Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Siku ya Msiba wa Taifa

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kukusanya, katika familia yake, mtaani kwake, shuleni au kwenye jumuiya yake ya ibada, masimulizi ya wakazi wa Dar es Salaam kuhusu mahali walipokuwa siku taifa lilipopatwa na msiba. Misiba yenyewe inafahamika. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Ijumaa ya Agosti 7, 1998 bomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay, likaua watu 11, karibu wakati uleule ambapo jingine liliua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi. Alhamisi ya Oktoba 14, 1999 Rais Benjamin Mkapa aliwatangazia wananchi kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia London, katika hospitali ya St Thomas'. Kisha yakaja mabomu ya Mbagala mwaka 2009 na ya Gongo la Mboto mwaka 2011, na kwa walio vijana leo, usiku wa Machi 17, 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Rais John Magufuli.

Yaliyotokea siku hizo yamekwisha kuandikwa, tena na watu wenye nyenzo kuliko wewe. Kitu ambacho hakijaandikwa popote, na ambacho msimulizi wako peke yake anaweza kukupa, ni kile kipindi kifupi kati ya kishindo na habari: pale mtu aliposikia mlio, au alipoona majirani wamekusanyika kwenye redio, lakini bado hajajua ni nini. Je, alidhani ni tairi la lori limepasuka? Transfoma? Radi katika anga lisilo na wingu? Dhana hizo za mwanzo hazikuingia gazetini kwa sababu zilikuwa na makosa, na ni kwa sababu hiyohiyo ndizo unazopaswa kuzitafuta kabla ya kitu kingine chochote. Ushauri wote unaofuata unalenga huko.

Anza kwa kuchagua msiba mmoja tu. Ukimwendea mzee na orodha ya misiba mitano, atakupa sentensi mbili kwa kila mmoja na utarudi na daftari lililojaa vichwa vya habari. Ukishachagua, tafuta wasimulizi wa namna mbalimbali, wala usidhani kwamba aliyekuwa jirani na tukio ndiye mwenye masimulizi bora. Kwa tukio la Oysterbay, mtu aliyekuwa konda wa daladala ya Mwenge–Posta, mama lishe wa Kariakoo, mwanafunzi aliyekuwa darasani Magomeni na muuguzi aliyekuwa zamu Muhimbili watakupa siku nne tofauti za Ijumaa moja. Kwa MV Bukoba, watu wa Dar es Salaam hawakusikia kishindo chochote. Walisikia redio, na waliokuwa na ndugu Kagera au Mwanza walianza kuhangaikia simu katika jiji ambalo nyumba nyingi hazikuwa nazo. Abiria wa daraja la tatu katika meli ile hawakuwa na orodha ya majina, hivyo kwa familia nyingi kipindi cha kutojua kilinyooka kwa siku kadhaa, na masimulizi yao yanahitaji muda na uangalifu zaidi.

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, soma. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uulizie magazeti ya wiki ya tukio, au omba kuingia katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyopo Upanga. Kwa tukio la 1998, pita pia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako ipo kumbukumbu ya waathirika. Kutokana na uliyosoma, andika ukurasa mmoja tu: tarehe, siku ya juma, saa, na mfuatano wa matangazo. Ukurasa huo ukae mkobani. Usimwonyeshe msimulizi, wala usimtajie yaliyomo, kwa sababu akishajua unachokijua ataanza kuyapanga maneno yake yalingane nacho, kwa heshima tu, jinsi mwenyeji anavyokubaliana na mgeni.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu kupita kiasi. Taarifa za mashirika ya nje husema mlipuko wa Oysterbay ulitokea mnamo 10:39, nasi tunasema saa 4 na dakika 39 asubuhi. Mkusanyaji anayechanganya mifumo hiyo miwili katika daftari moja atajikuta na shahidi aliyesikia bomu alasiri. Andika saa kama msimulizi alivyoitaja, na kila mara ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Siku za juma nazo zina mtego wake. Mabomu ya Mbagala yalilipuka Jumatano, Aprili 29, 2009, na yale ya Gongo la Mboto yalilipuka Jumatano pia, Februari 16, 2011. Yote yalitoka katika maghala ya silaha ya jeshi, na katika yote mawili watu walikimbia na watoto mgongoni wasijue wanaelekea wapi. Si ajabu mkazi wa Temeke au Ukonga kuyasimulia kama tukio moja. Usimkatize kwa kumwambia amekosea. Muulize kama kulikuwa na mwanga wa jua au taa zilikuwa zimewashwa, kwa maana Mbagala ilikuwa mchana na Gongo la Mboto ilikuwa usiku, na katika jibu lake mambo mawili yatajitenga yenyewe. Iwapo atakumbuka kuwatafuta watoto Uwanja wa Uhuru, ambako waliopotezana na wazazi wao walikusanywa mwaka 2011, umepata nanga nyingine.

Wapo watakaokuambia kwamba siku kama hizo hazisahauliki na kwamba mtu huzikumbuka kama picha. Utafiti hauwaungi mkono kikamilifu. Januari 1986, asubuhi iliyofuata kulipuka kwa chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger, wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi 106 wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike walikuwa wapi na walisikiaje habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Wengi walisimulia jambo tofauti na waliloliandika kwa mkono wao wenyewe, baadhi wakiwa wamebadilisha kila kitu, mahali, mtu aliyewaambia na walichokuwa wakifanya, huku wakiwa na uhakika mkubwa. Sikuelezi haya ili uwatilie shaka wazee wako. Nakueleza ili usichukulie sauti yenye uhakika kuwa ndiyo ushahidi, na ili usimdharau anayesema “sikumbuki vizuri”, kwani huenda huyo ndiye mwangalifu kuliko wote. Kosa linalotokea mara nyingi ni mtu kuhamisha alichokiona baadaye kwenye televisheni akakiweka mbele ya macho yake mwenyewe saa ya tukio.

Kinga ya kosa hilo imo katika namna ya kuuliza. Usianze na “Ulijisikiaje?” wala “Unakumbuka nini kuhusu bomu?”, kwa sababu maswali hayo huita hotuba. Anza asubuhi ya siku hiyo, kabla ya msiba kuwapo, kisha shuka taratibu kuelekea kwenye kishindo, ukiuliza vitu vya mkononi na vya miguuni. Mfano, baada ya salamu na habari za nyumbani:

“Bibi, asubuhi ile uliamkia wapi?”

“Hapahapa Buguruni, mjukuu wangu. Nilikuwa nauza vitumbua.”

“Ulikuwa umeshika nini uliposikia?”

“Kijiti cha kugeuzia. Nikasema hawa wa gereji leo wamepasua mtungi wa gesi. Nikaendelea kugeuza.”

“Nani alikuja kukwambia kwamba si gereji?”

Hapo ndipo penye mali. “Nikaendelea kugeuza” ni sentensi ambayo mtu haipati katika televisheni. Mwulize sasa ni nani aliyekuja, alisimama wapi, alitumia maneno gani hasa, na je, vitumbua viliishia vipi. Mwulize redio ya nyumba ile ilikuwa ya nani na ilikuwa ikipiga nini kabla ya tangazo. Kwa kifo cha Mwalimu, swali la muziki uliokuwa ukisikika redioni hufungua milango mingi. Mwulize pia ni nani yeye mwenyewe alimwambia baada ya hapo, kwa sababu habari mbaya hupita kutoka kinywa hadi kinywa, na mtu huwa amekuwa mpokeaji kisha akawa mpelekaji, ingawa hili la pili watu hulisahau wasipoulizwa.

Uvumi uandike, lakini uandike kama uvumi. Kwa Machi 2021 suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa tetesi zilikuwa zimekwisha kuenea kabla ya tangazo rasmi, na wengi watakuambia walikuwa “wamekwisha kujua”. Tenganisha maswali mawili: ni lini na kwa nani ulisikia tetesi, na ulikuwa wapi Makamu wa Rais alipozungumza. Watu wengine watakupa siku mbili, na zote mbili ni halali.

Adabu ya ziara haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyelelewa hapa. Shikamoo kwanza, daftari baadaye. Epuka mchana wa Ijumaa kwa Waislamu na asubuhi ya Jumapili kwa Wakristo. Baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, ndio wakati mzuri. Tanguliza mtu wa nyumba hiyo akutambulishe, na usiende katika nyumba yenye msiba mpya hata kama miadi ilikuwa imewekwa. Msimulizi aliyepoteza mtoto, mwenzi au ndugu katika tukio lenyewe asiulizwe swali la kwanza kuhusu marehemu. Mwache amlete yeye mwenyewe. Akilia, kaa kimya, mpe pole, na muulize kama angependa uzime kinasa sauti. Akisema zima, zima kweli, na uweke simu mfukoni aione ikiondoka mezani. Mimi naona ni afadhali kupoteza masimulizi mazima kuliko kumwacha mama wa watu na usiku wa kutolala kwa sababu ya daftari langu.

Kurekodi, simu ya kawaida inatosha. Iweke katika hali ya ndege ili isiite katikati ya sentensi, iweke juu ya khanga iliyokunjwa ili isinase mitikisiko ya meza, na uombe feni izimwe kwa muda ikiwa joto linaruhusu, ingawa kwa Februari ya Dar es Salaam ombi hilo ni ukatili. Bodaboda, watoto na adhana vitaingia tu. Adhana ikianza, nyamaza, kisha muombe arudie sentensi ya mwisho. Jaribu kurekodi nusu dakika na usikilize kabla hujaanza. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mtaa na msiba unaozungumziwa, na umwombe msimulizi aseme kwa sauti yake kwamba amekubali kurekodiwa na kwamba anataka jina lake litajwe au lifichwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa uzito ridhaa na faragha, na hata kama unakusanya kwa ajili ya familia tu, ni desturi njema kuifuata.

Unukuzi ufanye mapema, wakati bado unazikumbuka ishara za mikono yake. Andika maneno kama yalivyotamkwa. Akichanganya Kiswahili na Kihaya au Kizaramo, acha hivyohivyo, kisha uliza maana ukiiandika pembeni. Akisema “nikafanya hivi” na kuonyesha, eleza kwa ufupi alichoonyesha. Usisafishe lugha yake ifanane na ya mtangazaji. Pale masimulizi yanapopingana na ukurasa wako wa mkobani, usirekebishe ndani ya maneno yake, bali weka maelezo yako chini, yakitofautishwa wazi. Msimulizi akimtuhumu mtu kwa jina, jina hilo usiliweke katika nakala utakayosambaza.

Kisha rudi kwake na umsomee. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoleta nyongeza bora, kwa kuwa mtu akisikia maneno yake mwenyewe hukumbuka aliyekuwa amesimama kando yake. Nyongeza iandikwe na tarehe yake, isichanganywe na masimulizi ya kwanza. Hifadhi rekodi mahali pasipopungua pawili, kwa mfano kwenye flashi inayokaa nyumbani na kwenye hifadhi ya mtandaoni, na uyape mafaili majina yenye mwaka, mtaa na msiba badala ya namba zilizotolewa na simu. Nakala moja ya maandishi ibaki kwa msimulizi au watoto wake. Ikiwa baadaye atabadilisha mawazo na kutaka masimulizi yake yaondolewe, yafute kila mahali, pamoja na nakala ulizotuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na umwarifu kwamba umefanya hivyo.