Somo: Namna ya kupima ukuaji wa miti ya mlimani wakati tabianchi inabadilika

Wakuu, swali linalorudi kila mara ni hili: joto likizidi, msitu wa mlimani unakua haraka au unadumaa? Hakuna jibu la neno moja. Kwenye msitu mchanganyiko, joto linalonenepesha mti huu ndilo linalodhoofisha mwenzake. Nitatumia milima ya Alpi na Karpati huko Ulaya, ambako aina tatu hukua pamoja: Picea abies (hapa naiita Picea) na Abies alba (naiita Abies) zenye majani kama sindano, na Fagus sylvatica (naiita Fagus) yenye majani mapana yanayopukutika.

Hatua ya 1: Andika mwinuko. Joto hupungua wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Juu, karibu na mpaka wa miti, kinachozuia ukuaji ni baridi na msimu mfupi. Chini kinachobana ni maji. Ndiyo maana mwaka mmoja wa joto kali huweza kuacha pete (duara la mbao ambalo mti huongeza kila mwaka ndani ya shina) pana juu na pete nyembamba chini.

Hatua ya 2: Toa sampuli. Tumia keekee ya mkono yenye tundu katikati, uizungushe kwenye shina kwa kimo cha mita 1.3, kisha uvute kijiti chembamba cha mbao. Usitobolee upande wa juu wala wa chini wa mteremko. Mti wa mteremkoni huongeza mbao upande mmoja ili ujinyooshe, na pete za hapo zitakudanganya. Chukua miti minene na myembamba ya kila aina.

Hatua ya 3: Piga msasa, hesabu pete, linganisha vijiti. Ukame mkubwa kama wa 1976 au 2003 huacha alama kwenye miti mingi ya eneo moja. Mti mmoja ukionyesha alama hiyo mwaka mmoja pembeni, ujue kuna pete imekosekana au umeihesabu mara mbili. Mbinu hii ya kulinganisha ilijengwa na A. E. Douglass, mwanaastronomia wa Arizona, mwanzoni mwa karne ya 20.

Hatua ya 4: Geuza upana wa pete kuwa eneo la mbao iliyoongezeka kwenye mkato wa shina. Hapa ndipo wengi huteleza, tuhesabu pamoja. Shina lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 likiongeza pete ya milimita 2, limepata sentimita za mraba 12.7. Lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 likiongeza milimita 1 tu, limepata 18.9. Pete imepungua kwa nusu, lakini mti umeongeza mbao nyingi zaidi! Asiyejua hili atatangaza msitu unadumaa kumbe miti imezeeka tu.

Hatua ya 5: Linganisha na joto na mvua, kila aina peke yake. Mizizi ya Picea haiendi chini sana, hivyo ukame huipiga kwanza. Ikiishiwa maji, hukosa utomvu wa kumzuia mbawakawa wa magome, Ips typographus, ambaye miaka ya joto huongeza kizazi kizima. Abies huzamisha mizizi na huvumilia zaidi. Fagus huchipua mapema joto likiwahi, halafu jalidi ya kuchelewa huunguza majani machanga. Sasa ukijumlisha zote tatu, jumla inaweza kubaki palepale huku ndani mmoja anashuka na mwingine anapanda. Jumla hiyo imewapumbaza watu wengi, naomba msiishie hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, Abies ikinenepa miaka ya karibuni, si ushahidi kwamba inapenda joto?
Usikimbilie hapo. Gesi ya salfa kutoka makaa ya mawe iliitesa sana Abies, na tangu miaka ya 1980 gesi hiyo imepungua mno Ulaya. Sehemu ya unene huo ni mti kupona.

Kaboni dioksidi hewani imepanda kutoka sehemu 280 hadi zaidi ya 420 kwa kila milioni. Si chakula cha miti hicho?
Ni chakula, na mti hupoteza maji machache zaidi kwa sababu vitundu vya majani hufunguka kidogo. Lakini ukame husimamisha ujengaji wa seli za mbao kabla haujasimamisha utengenezaji wa sukari. Sukari ipo, mti haunenepi.

Na miti ya tropiki isiyo na pete?
Palipo na kiangazi cha kweli, baadhi ya aina huweka pete. Kwingine, funga mkanda wa chuma kwenye shina na upime kila mara saa ileile, kwa kuwa shina husinyaa mchana na kuvimba usiku.

Basi tupande Abies tupu?
Hapana. Miche yake huliwa sana na kulungu, na mti utakaosimama zaidi ya miaka 100 utakutana na wadudu na hali za hewa tusizozijua leo. Changanya, na kulungu uwadhibiti kwanza kabla ya kununua miche.