Kishikwambi kizito: kagua haya kabla ya kukiflashi

Wateja wengi wenye vishikwambi vizito hufika mezani na hukumu mkononi: “Fundi, kina virusi hiki, kiflashi tu.” Mara nyingi virusi hakuna. Kuna hifadhi iliyojaa pomoni, au memori kadi ya ovyo, au mtandao ndio mbovu na kifaa kinasingiziwa. Kuflashi, yaani kukiwekea kifaa mfumo wake upya, kunafuta kila kitu, na kama tatizo ni namna kinavyotumika, uzito utarudi tu.

Haya ninayoeleza ni ya Android, maana ndiyo iliyomo kwenye vishikwambi vingi mtaani, vikiwemo vile vya sensa ya 2022 ya Tanzania walivyogawiwa walimu. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, ila mpangilio ni ule ule.

Hatua ya 1: Ni kifaa au ni mtandao?

Washa hali ya ndegeni. Fungua kikokotoo, kamera na Mipangilio, kimoja baada ya kingine, kisha ingia kwenye picha uzitelezeshe juu na chini. Vikifunguka bila kusita, kifaa ni kizima. Kizito ni mtandao, na hakuna fundi wa kukutibia hilo.

Kuna hali moja inawachanganya watu. Kishikwambi kikikaa kabatini likizo nzima, siku kikipata wifi Play Store inaanza kusasisha programu zote kwa mpigo, na huku barua pepe, picha na WhatsApp navyo vinadai zamu. Kitaganda mpaka ukidhani kimekufa. Kiweke kwenye chaji, usikiguse, kimalize shughuli zake. Halafu kizime, ukiwashe upya, ndipo ukihukumu.

Hatua ya 2: Hifadhi

Hapa ndipo ninapomaliza kazi nyingi. Nenda Mipangilio, kisha Hifadhi. Ukikuta imejaa kupita asilimia 85, usitafute mchawi mwingine kwanza.

Sababu iko ndani ya chipu. Hifadhi ya aina hii haiwezi kuandika juu ya data ya zamani. Lazima ifute kwanza, tena inafuta bloku nzima, yaani fungu zima la data, kwa pamoja. Ikiwa na nafasi, inaandika pembeni na kufanya usafi baadaye. Ikijaa, kila picha mpya inailazimisha ihamishe vilivyopo, ifute, ndipo iandike, sawa na kuingiza godoro kwenye chumba ambacho hata mlango haufunguki. Wewe unachokiona ni kioo kuganda na kibodi kuchelewa kutoa herufi.

Kishikwambi cha Nexus 7 cha mwaka 2012 ndicho kilichowafundisha wengi jambo hili. Kilianza kikiwa chepesi, kikazidi kuwa kizito kadiri kilivyotumika, mpaka Android 4.3 ilipotoka Julai 2013 ikiwa na kazi ya kuiambia chipu ni sehemu zipi zimeshafutwa ili izisafishe mapema. Android hufanya kazi hiyo kifaa kikiwa kimetulia, kwa kawaida usiku kikiwa kwenye chaji. Kwa hiyo anayezima kishikwambi chake kila anapolala anakinyima muda wa usafi. Kiache kikiwa kimewaka, kwenye chaji, walau usiku mmoja mmoja.

Lengo lako: kwenye cha GB 32, acha wazi GB 5 au 6. Vipi utazipata? Kwenye meza yangu jibu karibu kila siku ni WhatsApp. Mtu yumo kwenye kundi la ukoo, la kanisa au msikiti, la walimu wa shule, na kamati za harusi mbili ambazo maharusi wenyewe wameshapata watoto. Kila video ya sendofu iliyorushwa humo imejipakua yenyewe.

Fungua WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Juu utaona faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza na hizo, bila huruma. Chini yake makundi yamepangwa kwa uzito. Ukimaliza, rudi nyuma uzime upakuaji wa kiotomatiki wa video, kwa data na kwa wifi pia. Ukiacha wifi, hujafanya kitu.

Kuna sehemu wengi hawaijui. Fungua kidhibiti faili, ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, kisha Databases. Humo WhatsApp huweka nakala za mazungumzo yako za mpaka siku saba zilizopita, na kwa mtu mwenye makundi mengi kila moja inaweza kuwa na mamia ya MB. Zenye tarehe kwenye jina lake unaweza kuzifuta. Ile isiyo na tarehe ndiyo ya karibuni kabisa, iache.

Halafu mwaga pipa la taka kwenye programu ya picha na kwenye kidhibiti faili. Vilivyofutwa hukaa humo siku 30 au zaidi vikila nafasi ile ile.

Angalizo: ukiingia kwenye programu moja moja utakuta vitufe viwili jirani, Futa akiba na Futa data (kwingine huitwa Futa hifadhi). Cha kwanza hakina madhara. Cha pili, ukikibonyeza kwenye WhatsApp, kinaondoka na mazungumzo yote.

Hatua ya 3: Memori kadi

Zima kifaa, toa kadi, washa. Kikiwa chepesi ghafla, umemkamata. Kadi inayokufa inakifanya kishikwambi kijaribu kuisoma tena na tena, na kila kinachogusa picha au muziki kinasubiri.

Lakini angalia kwanza kadi inatumikaje. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, vifaa vingi vinakuruhusu kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, na programu zikahamia huko. Kama yako imewekwa hivyo, usiichomoe kienyeji. Hamisha vitu kwanza kupitia Hifadhi. Binafsi siupendi mpangilio huo kwenye vifaa vya bei ya chini. Unapata nafasi, unapoteza kasi.

Hatua ya 4: Hali salama

Bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka menyu itokee, kisha shikilia neno Zima bila kuachia mpaka uulizwe kama unataka kuwasha kwa hali salama. Kwenye baadhi ya vifaa unashikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati kinawaka. Katika hali hii programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi. Kikikimbia, mhalifu ni mojawapo. Washa kawaida, uziondoe moja moja ukianza na ulizoweka karibuni.

Washukiwa wangu wa kwanza ni zile programu za “kusafisha ramu” (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) na “kuongeza kasi”. Zinafunga programu, Android inaziwasha tena, zinafunga tena, na katikati zinakurushia matangazo. Vivyo hivyo tabia ya kufuta kila kitu kwenye orodha ya programu za karibuni: kuiwasha programu kutoka mwanzo kunakula nguvu kuliko kuirudia iliyosinzia.

Kuna pia “ramu ya ziada” inayochukuliwa kwenye hifadhi. Kama hifadhi ni ya polepole au imejaa, izime uone tofauti.

Joto nalo. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi makusudi. Kava nene, chaji, video, jua la dirishani: vue kava na ukipumzishe. Kioo kikiwa kimeinuka pembeni, betri imevimba. Acha kukichaji na ukilete kwa fundi leo.

Hatua ya 5: Kurejesha mipangilio ya kiwandani

Umefika hapa kwa sababu yote ya juu yameshindikana. Hamisha picha na nyaraka, hifadhi nakala ya WhatsApp, kisha hakikisha unakumbuka akaunti ya Google iliyomo na nenosiri lake. Bora zaidi, iondoe akaunti mwenyewe kwanza kwenye Mipangilio. Tangu Android 5.1, kifaa kikifutwa kwa nguvu kupitia vitufe kinadai akaunti ya zamani, na mafundi tunapokea vishikwambi vilivyonunuliwa mkononi ambavyo aliyeviuza hapatikani hewani.

Baada ya kufuta, kabla hujarudisha chochote, kijaribu kikiwa kitupu. Kama bado kinasuasua, chipu ya hifadhi imechoka au kifaa kilikuwa dhaifu tangu dukani. Ramu na hifadhi zimelehemewa kwenye bodi, na kwenye kifaa cha bei ndogo gharama ya kuzibadilisha haina maana.

Ukiamua kununua kingine, chukua cha ramu GB 4 na hifadhi GB 64 kwenda juu, na usiamini maandishi ya boksi wala ya menyu. Viko vinavyojitangaza GB 512 ilhali ndani ni GB 32. Nakili humo video nyingi kupita hizo GB 32, kisha fungua za mwisho. Zikikataa kucheza, irudishe bidhaa siku hiyo hiyo.