Somo: Kutazama ndege jioni, Msitu wa Rau, Moshi

Moshi jua huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na nusu saa baadaye ni giza. Saa 11 kamili muwe ukingoni mwa msitu. Rau ni msitu wa hifadhi, hivyo kibali na mwongozaji vitafutwe mapema.

Watu wanane wanatosha: mmoja mbele, mmoja nyuma wa kuhesabu wenzake. Koti la nailoni liacheni nyumbani, linachakarisha kila mkono unapotikisika.

Darubini ya jioni ni 8x42: inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 upate milimita 5.25, upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Ya 8x25 inatoa 3 na kidogo tu. Ikifika saa 12:30 kila ndege ni kivuli.

Anzeni upande wa mashamba ya mpunga, yangeyange wakirudi kulala. Kisha sogeeni penye miti mirefu ya mivule na misoo, jua likiwa mgongoni, mkae kimya robo saa. Hapa msiharakishe. Hondohondo husikika kabla hajaonekana: mabawa yanavuma kwa nguvu, maana chini ya bawa hana manyoya madogo ya kuziba mashina ya yale makubwa, na hewa hupenya katikati. Ukisikia mvumo, tazama juu ya vilele, usitafute matawini.

Giza likiingia, fungeni tochi kwa nailoni nyekundu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo kimoja cha simu kinawarudisha wote mwanzo. Kumtafuta kirukanjia, ndege anayetua chini njiani, mwongozaji peke yake atumie mwanga mweupe, tochi ikiwa kando ya jicho. Akiishika kiunoni, mng'ao wa macho ya ndege haumrudii.

Mwalimu, nikicheza sauti ya bundi kwenye simu atakuja?
Anaweza kuja, na ndiyo sababu tunakataza. Anadhani kavamiwa, anaacha kuwinda na kulinda vifaranga aje kupigana na simu. Msubirini aite mwenyewe.

Darubini yangu inashika ukungu kila tukifika. Mbovu?
Hapana dada, imetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, na hewa ya msituni ina unyevu. Zima kiyoyozi, fungua vioo robo saa kabla ya kufika. Usifute kwa kanga, vumbi litakwaruza lenzi.

Masika je?
Rau inalishwa na maji ya chini ya ardhi, njia hujaa tope haraka. Vaeni mabuti ya mpira, na mzunguke ukingoni tu.