Somo: Kutengeneza albamu ya ukoo bila kuharibu picha za asili

Kila arusi ikimalizika au matanga yakianuliwa, wanachama wa kikundi chetu huniletea swali lile lile: picha na barua za wazee zikusanywe vipi ziwe kitabu kimoja cha ukoo? Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naandika somo zima hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Sharti moja litangulie mengine yote: picha ya asili haibandikwi popote. Kinachobandikwa ni nakala, na asili hukaa katika bahasha yake.

Hatua ya kwanza. Kusanya vyote mahali pamoja: picha, barua, hati za ndoa, kadi za mwaliko na stakabadhi. Nawa mikono, uikaushe vizuri.

Hatua ya pili. Toa pini na vibanio vyote, kwa kuwa kutu haitoki kwenye karatasi.

Hatua ya tatu. Toa picha kwenye albamu za kunata, na hapa naomba msome polepole. Nazungumzia zile albamu zilizoenea miaka ya 1970 na 1980, zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki inayofunika juu. Gundi yake hukauka na kugeuka manjano, na asidi iliyomo katika ukurasa huila picha kwa nyuma. Uso wa picha nao umepakwa tabaka la jelatini, ambalo hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Mombasa wakati wa masika tabaka hilo hulainika likashikana na plastiki. Mimi nilivuta plastiki kwa pupa, na mkono wa bibi arusi pamoja na hina yake ukabaki umeganda kwenye plastiki. Basi, kwanza piga picha ya kila ukurasa ulivyo, kwa sababu mpangilio wa picha na maneno yaliyoandikwa kando ni habari pia. Kisha inua plastiki kidogo kidogo kutoka pembeni. Ikionyesha kushikana na uso wa picha, acha hapo hapo, wala usiivute. Ikiachia, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, uusogeze huku na huku kama anayekata kwa msumeno, bila kuikunja picha, maana ikikunjwa uso wake hupasuka. Usitumie maji, mvuke wala mashine ya kukaushia nywele. Picha isiyotoka iache, ukurasa mzima uwe ndiyo hifadhi yake.

Hatua ya nne. Tengeneza nakala. Kwa skana, picha ndogo zichukuliwe kwa nukta 600 kwa inchi. Kwa simu, weka picha karibu na dirisha pasipopigwa na jua, na uzime taa ya kamera. Nakala zikae sehemu mbili tofauti.

Hatua ya tano. Andika majina, na usingoje hadi albamu iwe tayari. Keti na wazee, picha moja baada ya nyingine, uwarekodi kwa ruhusa yao. Usiandike “Bibi” au “Mama Mkubwa” peke yake, kwani mjukuu wako hatajua ni bibi wa nani; andika jina lake, la baba yake, mtaa na shughuli iliyokuwapo. Uliza pia kuhusu mavazi. Katika picha zetu leso (kanga) husema mengi: jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, likisomeka, mara nyingi mzee hukumbuka ilitoka lini na nani aliinunua, na kwenye baadhi utaona maandishi ya “Mali ya Abdulla”, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Barabara ya Biashara, Mombasa. Picha za karatasi ya zamani ziandikwe nyuma, ukingoni, kwa penseli laini. Zile zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli. Andika kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani. Kalamu ya wino hutoa mikwaruzo na wino wake huhamia picha ya pili.

Hatua ya sita. Panga nakala kwenye karatasi isiyo na asidi, ukizishikiza kwa vipembe vya karatasi vinavyovishwa kona za picha. Ukikosa karatasi hiyo, tumia ya kawaida. Nakala ikigeuka manjano utachapa nyingine. Asili zisitiwe katika mifuko ya plastiki ya PVC.

Kabla ya kuchapa, ombeni ruhusa. Picha nyingi za arusi, za kupamba bibi arusi na za kesha, zilipigwa wanawake wakiwa peke yao, na waliomo hawakukusudia kuonwa na kila mgeni. Sisi tuna juzuu mbili: moja ya sebuleni, nyingine ya ndani. Aliyekataa haingii katika yoyote, wala hapaswi kueleza sababu.

Hatua ya saba. Hifadhi asili ndani ya kabati la chumbani, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Likoni: Naweza kutumia selotepu? Nimeshanunua.

Jibu: Soma sharti lililotangulia hatua ya kwanza. Kwenye nakala, fanya upendavyo.

Mwana wa Kisauni: Haya yote ya nini? Mimi nimepiga picha zote kwa simu, asili nimezitupa.

Jibu: Simu haichukui muhuri wa studio ulio nyuma ya picha, wala mwandiko wa aliyeituma, usipozigeuza. Hukuniuliza kabla ya kuzitupa. Sasa nikujibu nini?

Binti wa Makadara: Shikamoo Bi. Tuna barua za babu kwa khati za Kiarabu, lakini lugha nasikia ni Kiswahili. Nyumbani hakuna awezaye kuzisoma. Moja imeandikwa mwaka 1345. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usizikunjue na kuzikunja kila mara, kwa kuwa hukatika mikunjoni. Zilaze wazi kati ya karatasi safi, uzipige picha. Kisha mtafute maalimu au mzee aliyezoea khati hizo, akusomee kwa sauti huku ukirekodi, na uandike usomaji wake katika herufi za Kirumi kando ya picha ya barua, hata pale anaposita. Mwaka 1345 wa Hijria ulianza Julai 1926, kwa hiyo barua ni ya 1926 au 1927. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, yamefika kwetu kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishonari William Taylor. Kazi yako ni ya aina hiyo hiyo.

Mama wa Majengo: Sisi hufukiza udi kabatini, na tunatia naftalini, mende wasije. Vibaya?

Jibu: Udi fukizeni nguoni, dada yangu. Moshi wake huacha masizi na mafuta juu ya picha, na mvuke wa naftalini nao haufai kukaa na picha. Mende hufuata chakula na gundi, basi kabati liwe safi, na mtie vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mvibadilishe mara kwa mara.

Mjukuu wa Kibokoni: Naongeza kwa Binti wa Makadara: msitupe bahasha. Stempu za “Kenya and Uganda” zilitoka kuanzia 1922, na jina la Tanganyika likaongezwa 1935.

Jibu: Ahsante, hili nilikuwa nimelisahau. Hati pia hujitaja: yenye kichwa “Colony and Protectorate of Kenya” ni ya kati ya 1920 na 1963. Ila msibandue stempu; tarehe ya muhuri wa posta huwa nusu juu ya stempu, nusu juu ya bahasha.