Jinsi ya kukadiria kina cha nyambizi kwa kusikiliza tu

Wazee wetu wa Mombasa walipima kina kwa bildi, kamba yenye uzito mwishoni, wakihesabu pima za kamba, na bandari yenyewe ikaitwa Kilindini kwa kilindi chake. Lakini bildi hukupa kina cha sakafu. Kitu kilicho katikati ya maji, kama nyambizi, utakipimaje? Nyambizi inayotaka kujua kina cha nyingine haipendi kupiga sona, yaani kutuma mlio na kungoja mwangwi wake, maana mlio huo unaifichua. Hukaa kimya ikasikiliza. Mojawapo ya njia zake unaweza kuijaribu nje ya mwamba wa Nyali, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari.

Hatua ya 1. Shusha maikrofoni ya majini hadi mita 20. Usiharakishe hapa. Siku moja mkondo ulinilaza kamba. Nikadhani niko mita 20, kumbe maikrofoni iko 16, na hesabu ikakosea kwa zaidi ya mita 2. Tangu hapo nafunga chubwi nzito na kipima kina kando ya maikrofoni. Ukitaka kujua kina cha mwenzako, jua kwanza chako.

Hatua ya 2. Wazamiaji wawili (asishuke mtu peke yake) wakae mita 12 chini, mita 100 kutoka kwako, na mmoja agonge mtungi wake kwa kisu, pigo mojamoja.

Hatua ya 3. Fungua rekodi kwenye programu ya sauti na ulivute pigo moja mpaka lijae kioo. Utaona milio miwili. Wa kwanza umekuja moja kwa moja. Wa pili ulipanda, ukagonga uso wa maji, ukashuka kwako. Utautambua kwa umbo: umepinduka, palipokuwa na kilele pana bonde. Mwangwi wa sakafu usikuchanganye. Kwenye maji ya mita 60 huja kama milisekunde 20 baadaye.

Hatua ya 4. Pima mwachano wa milio hiyo miwili. Tuseme ni milisekunde 3. Kwenye maji yetu ya joto, nyuzi 28 hivi, sauti huenda kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya pili ilizidi kwa mita 4.62. Zidisha kwa umbali, 100, kisha gawa kwa kina chako mara mbili, 40. Unapata mita 11.55. Mzamiaji yuko 12. Mara ya kwanza nilipoiona nambari hiyo niliirudia hesabu mara tatu kwa furaha.

Kwa nyambizi kazi ni ngumu zaidi. Umbali wa mwenzake haiujui; huutafuta kwa kubadili mwelekeo na kufuatilia sauti inakotoka. Nyambizi mbili zikiwa mita 100 chini na zikitengana kilomita 5, njia mbili hizo hupishana kwa mita 4 tu. Nyambizi ikipima badala yake pembe ambayo sauti inaingilia, kosa la nyuzi 1 kwa umbali huo ni mita 87 za kina.

Tena sauti haiendi kwa mstari ulionyooka: hujipinda kuelekea maji inakokwenda polepole, yaani yenye baridi. Kaskazi tabaka la maji moto huwa jembamba. Kusi huyavuruga maji na kulinenepesha. Kwa hiyo kabla ya maikrofoni, teremsha kipimajoto, usome kila mita 5, uandike.